Bunduki ya .375 au .458 kwa kuwinda mbogo?

Mkuu, chukua .375 H&H Magnum. Kwa hapa Tanzania ndiyo kaliba (kipenyo cha risasi, kwa inchi) ya chini kwa mbogo na tembo, na risasi yake ya greni 300 (gramu 19 na ushee) inapenya bega bila shida. .458 ina nguvu zaidi kweli, ila teke lake (bunduki inavyokurudi begani) ni zito: mtu anafumba macho, anavuta triga kwa pupa, risasi inaishia tumboni. Mbogo aliyepigwa tumboni anaingia kichakani kukusubiri, hapo ndipo watu hufa. Risasi ya kwanza iwe ya kichwa laini (hutanuka mwilini), zinazofuata kichwa kigumu (hupenya ndani zaidi), maana atakuwa anakimbia amekupa mgongo. Kwenye miombo ya pori la akiba la Rungwa unapiga kwa karibu, darubini ndogo ya kukuza mara 1 hadi 4 inatosha. Kama ni swala tu, bunduki ya .30-06 inatosha.