Kutoka panki kwenda niu wevu: yaigeni haya kwa New Order

Mnaoanzisha bendi na kutaka kutoka kwenye panki (roki ya kasi na magita makali) kwenda niu wevu (roki inayotumia vyombo vya kielektroniki), chunguzeni jinsi Joy Division ya Manchester ilivyogeuka New Order. Mwimbaji Ian Curtis alifariki Mei 1980. Watatu waliobaki wakabadili jina, na mwaka huohuo wakamwongeza Gillian Gilbert kwenye kibodi na gita. Wengi huishia kusema "walinunua sintesaiza", yaani kibodi inayotengeneza sauti kwa umeme. Kazi hasa ilikuwa kugawana nafasi upya.

Anzeni na besi. Peter Hook, mpiga besi wao, alizoea kupiga noti za juu kwa sababu spika yake ilikuwa mbovu, hakujisikia akipiga chini. Sintesaiza ilipochukua mstari wa chini, yeye tayari alikuwa na mahali pake. Uzi wa E, ulio mnene kuliko yote kwenye besi, ukipigwa wazi hutoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi, palepale panapokaa dramu ya mguu na besi ya sintesaiza. Zikirundikana huko mtasikia mngurumo tu, na kuongeza sauti kunazidisha tatizo. Mpiga besi apande nyuzi za D na G kuanzia freti (kipande cha chuma shingoni mwa besi) ya 12: hapo ni hezi 147 kwenda juu, na kila noti inasikika.

Dramu nazo zina adabu yake. Wimbo wa New Order "Blue Monday" wa 1983 unaendeshwa na mashine ya dramu ya Oberheim DMX, mapigo 130 hivi kwa dakika. Bendi ya panki hukimbia ikifika kiitikio, mashine haikimbii. Mpiga dramu awekewe spika ya mashine karibu na sikio lake, la sivyo kufikia ubeti wa pili kila mtu yuko kivyake.

Kwenye sikwensa, kifaa kinachorudia chenyewe noti mlizoingiza, hesabuni kwa kalamu. Kipimo cha mapigo manne kina hatua 16, vipimo vinne ni 64. Mkiingiza 63, mzunguko wa pili unaanza hatua moja mapema, wa tatu mbili, na kosa linazidi kukua. Gilbert aliandika noti za "Blue Monday" kwenye karatasi ndefu zilizounganishwa, akaruka moja, na ule mstari wa sintesaiza ukateleza nje ya mdundo. Waliuacha, na kwa kweli unapendeza, kwa kuwa dramu na besi ya chini zimeshika mdundo barabara. Vikiteleza viwili kwa pamoja, futeni mwanze upya.