Mwanao hasikii vizuri na shule imemkataa? Anzia hapa

Dada pole, umesema mwalimu mkuu kakwambia mtoto wa miaka 7 "apelekwe shule maalumu" na hata kupimwa hajapimwa, hiyo sio sawa kabisa. Kwanza mpeleke hospitali ya rufaa kitengo cha masikio, pua na koo wampime usikivu, maana kuna watoto tatizo ni nta imeziba au usaha wa muda mrefu na inatibika. Ukishapata majibu piga kopi kabisa, nenda nayo halmashauri umuone afisa elimu maalumu (sio afisa elimu kata), huyo ndo anajua shule gani ina kitengo cha watoto wasiosikia vizuri na walimu waliosomea kuwafundisha, wengi wao wametokea Chuo cha Patandi Arusha.

Akikutwa anasikia kiasi anaweza kusoma hapohapo alipo, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka mtoto asome shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Akae mbele, na mwalimu asiongee huku kageukia ubao anaandika, mtoto wa hivi anasoma midomo bana akiona kisogo tu somo limeshampita na hatosema, atanakili tu kwa jirani yake.

Ila kama hasikii kabisa usimcheleweshe, lugha ya alama aanze mapema na nyie nyumbani mjifunze pia. Kwa Dar ulizia ile shule ya viziwi Buguruni. Uko mkoa gani dada?