Mto Mosel kwa baiskeli: lala bondeni

Chumba kile nilikipendea picha: dirisha linatazama mto, bei poa. Ambacho picha haikuonyesha ni mlima. Saa kumi na mbili jioni, pale Traben-Trarbach, mji wa Ujerumani kando ya Mosel, nilikuwa nasukuma baiskeli yenye mabegi mawili kwenye keria, jasho linaingia machoni, bibi wawili wa Kijerumani wakinipita kwa baiskeli za umeme na kunisalimia kwa bashasha. Basi kabla hujalipia chumba, uliza kama kiko chini, kando ya maji.

Ukibaki bondeni, safari hii haikushindi. Toka Trier hadi Koblenz ni kama kilomita 200, na karibu njia yote ni tambarare. Kiongozi wa nini? Vibao vipo, na mto wenyewe unakuonyesha njia. Nilitumia siku tano. Ningerudi, ningechukua saba.

Ila ramani inadanganya. Bernkastel na Traben zinaonekana kama majirani, na kweli ukikatiza kilimani kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi. Lakini mto umejikunja kama nyoka, utanyonga zaidi ya kilomita 20. Usipime kwa jicho.

Mimi nimezoea mizabibu ya Dodoma, iliyo kwenye ardhi ya kawaida, tena inavunwa mara mbili kwa mwaka. Huku wanavuna mara moja, na karibu na Bremm kuna mteremko wa Calmont wenye nyuzi kama 65. Ni ukuta ule, si shamba! Wafanyakazi hupanda kwa kiberenge kidogo cha reli moja. Mawe yake meusi hufyonza jua mchana na kutoa joto usiku, ndipo zabibu za Riesling zinapata kuiva katika baridi ile.

Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo mkate na tyubu ya akiba nunua Jumamosi.

Ukienda msimu wa mavuno utakuta Federweißer, divai changa ambayo bado inachacha, inayoliwa na mkate wa vitunguu wa kuoka. Ni tamu kama juisi, na inalewesha kimyakimya, hivyo inywe ukishafika unakolala. Chupa yake haizibwi kabisa kwa sababu ya gesi. Mimi niliilaza ndani ya begi, chini ya nguo. Hadi Koblenz nilinuka hamira.