Sekunde moja si kilomita moja

Kuna wanaosema kila sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo ni kilomita moja. Hapana, ukihesabu sekunde 9 tangu radi imulike hadi usikie ngurumo, radi hiyo haiko kilomita 9. Iko kilomita 3 tu. Gawanya kwa 3. Mwanga unakufikia papo hapo, lakini sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja inaichukua karibu sekunde 3. Ni fizikia ya kawaida ya sekondari, na joto la hewa linabadilisha namba hiyo kidogo sana.

Ila namba unayopata ni umbali wa sehemu ya radi iliyo karibu nawe zaidi. Njia ya radi inaweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, na sauti ya kila kipande inafika kwa wakati wake. Ndiyo maana ngurumo ya mbali inavuma na kujiburuta, wakati ya karibu inapasuka "paa!" mara moja. Kinachopasuka ni hewa yenyewe: inapashwa hadi nyuzi 30,000 za Selsiasi hivi, mara tano ya uso wa jua, na inatanuka kwa ghafla.

Tafadhali usitumie hesabu hii kuamua kama ubaki nje. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka mvua inaponyesha, kwa hiyo ukishasikia ngurumo tayari uko ndani ya eneo lake. Ingia ndani ya jengo au gari lenye bodi ya chuma, usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.