Oksijeni ya ketoni imegoma kutoka

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nataka kugeuza asetofenoni, ambayo ni ketoni, iwe ethilibenzini. Nimetumia borohaidridi ya sodiamu, nimepata alkoholi tu. Nimekosea wapi? Na kati ya njia za kuondoa oksijeni za Clemmensen na Wolff-Kishner, nichague ipi?

Jibu: Marahaba. Vipimo vyako havina kosa, ila kitendanishi hicho hakifiki unakokwenda. Borohaidridi huiongezea kabonili (kaboni ya ketoni iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili) haidrojeni na kuishia hapo. Oksijeni inabaki imeshikana na kaboni. Wewe unataka oksijeni iondoke kabisa, nafasi yake ishikwe na haidrojeni mbili.

Clemmensen, mwaka 1913, alitumia zinki iliyochanganywa na zebaki, ikichemshwa ndani ya asidi haidrokloriki kali. Kishner (1911) na Wolff (1912) walipita upande wa besi: haidrazini huishika ketoni, kisha besi kali, kama haidroksidi ya potasiamu, na joto kali huitoa naitrojeni kama gesi. Gesi ikishatoka hairudi, na hilo ndilo linaloikamilisha kazi.

Katika kuchagua, usiitazame ketoni peke yake, tazama molekuli nzima. Penye kikundi cha esta, besi itaivunja. Penye kikundi cha asetali, asidi itaivunja. Asetofenoni yako haina hata kimoja, kwa hiyo njia zote mbili zinafaa. Mimi ningechukua ya haidrazini, kwa sababu mabaki ya zebaki ni mzigo mzito kwa maabara ya chuo. Lakini haidrazini nayo ni sumu kali: bila kabati la kufyonza hewa, usiifungue.

Wengi hukwama kwenye maji. Yakibaki ndani ya chupa, joto halipandi. Mwanakemia Huang Minlon alilitatua hilo mwaka 1946: tumia kiyeyusho cha dietilini glaikoli, chemsha kwanza hadi haidrazoni (muungano wa ketoni na haidrazini) ijiunde, kisha ondoa kondensa ya wima inayorudisha mvuke chupani, uyakeneke (uyatoe kama mvuke na kuyapoza) maji pamoja na haidrazini iliyozidi mpaka joto lifike karibu nyuzi 200. Kazi iliyokuwa ikichukua siku kadhaa ikawa ya saa chache.

Kwako kuna jambo la ziada. Ethilibenzini huchemka kwenye nyuzi 136, kwa hiyo itatoka pamoja na maji hayo. Tafadhali usiyamwage! Tabaka la juu ndilo mali yako. Litenge, lioshe kwa asidi hafifu kuondoa haidrazini, likaushe, kisha likeneke upya.