Simu Haina Tumbo

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na kilo 3.2. Siku ya 14 mzani wa kliniki ukasoma kilo 3.0. Nesi akaandika kwenye kadi, akaniuliza, "Mama, ananyonya mara ngapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini: kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, nimeweka alamu kwenye simu. Akilia kabla ya muda nambeba begani, tunazunguka chumba kizima mpaka alamu ilie. Kufikia hapo kaishiwa nguvu kwa kulia. Anashika ziwa dakika tano, usingizi huo.

"Simu haina tumbo," nesi akasema. "Mwangalie mtoto."

Mtoto mchanga wa maziwa ya mama hunyonya kama mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hazigawanyiki sawasawa kama dozi ya vidonge. Anaweza kunyonya saa kumi jioni, akataka tena kumi na nusu, kisha akalala saa mbili nzima. Siku ya kwanza tumbo lake linajaa kwa kijiko kimoja hivi cha chai, ndiyo maana yale maziwa machache ya njano, dang'a, yanamtosha. Na kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake anageuza kichwa kutafuta, anaachama, anapeleka ngumi mdomoni. Mimi hizo zote nilikuwa naziona, nasema anacheza!

Ila kuna mtoto wa kulala tu. Huyo katika wiki za mwanzo, mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, usimwache apitilize saa tatu au nne. Mfunue, mguseguse nyayo, mpe ziwa.

Kilichonitesa zaidi ni jioni. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku mtoto hatoki kifuani: ananyonya, anaachia, analia, anashika tena. Matiti nayo yamelegea, hayajai kama asubuhi. Jirani mmoja akaniambia maziwa yangu mepesi, nimpe ya kopo ashibe. Nilimpa siku mbili. Siku ya tatu maziwa yangu yakapungua kweli, kwa sababu ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukimshibisha kwingine, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi na ndizi zake za mtori, ndiye aliyenitetea. "Mwache anyonye, mwanangu. Anaagiza ya kesho." Mtori ulinipa nguvu, sikatai, lakini maziwa yaliongezwa na mtoto mwenyewe.

Jioni za namna hiyo huja sana wiki ya pili au ya tatu, ya sita, na karibu na mwezi wa tatu. Zinapita baada ya siku chache.

Utajuaje anashiba? Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano hivi zilowe sita au zaidi kwa saa 24, mkojo usiwe wa njano iliyokolea, na uzito upande kliniki. Zikipungua, au mtoto akilegea na kugoma kunyonya, au akipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maji usimpe kabla ya miezi sita hata joto la Dar likizidi. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji.

Kwa mtoto wa pili sikuweka alamu. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshaoga na kula, chupa ya maji iko pembeni, simu imejaa chaji, na baba yao anajua jikoni ni zamu yake. Mama mkwe akipiga simu: "Ananyonya tena?"

"Tena, mama."

"Haya, mwache."

Alipofika miezi minne alinyonya dakika saba tu, kisha akageuka kuangalia feni.