Pantoni Haisukumwi

Mwaka jana mama alinipigia simu kutoka Muheza wakati nahangaika kutafuta maegesho pale Posta. Akaanza kama anavyoanza siku zote: hujambo, watoto hawajambo, za kazi, mguu wako je, umepona? Nikamkatiza. "Mama, niko barabarani, wewe sema tu." Akanyamaza kidogo. "Basi mwanangu, hakuna neno." Wiki mbili baadaye dada yangu ndiye aliyeniambia habari yenyewe: mchungwa nilioupanda nikiwa darasa la tatu ulikuwa umeangushwa na upepo, na mama alitaka kuniuliza kama bado naukumbuka.

Usinikumbushe kwamba haraka haraka haina baraka. Naijua, na wanangu nimewaimbia mara nyingi, tena nikiwa mlangoni na funguo mkononi. Mabasi mapya yalipoanza Dar mwaka 2016 tuliyabatiza mwendokasi, na hata hayo yakichelewa kidogo tunayasonya.

Nilijaribu dawa ya kuamka saa kumi na nusu alfajiri ili nipate "muda wangu". Nilidumu siku sita. Saa niliyoipata niliijaza nguo za kupiga pasi na meseji za ofisini, kwa hiyo nikawa naanza kukimbia mapema zaidi.

Kilichonisaidia ni gari kuharibika. Naishi Kigamboni, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016 nilikuwa napita Kurasini; pantoni, kile kivuko cha kwenda mjini, nikaisahau kabisa. Fundi aliniambia kesho kwa wiki tatu. Nikarudi Feri, pantoni inakopakia.

Anayeijua pantoni anajua lile geti likifunguliwa watu wanavyotoka mbio, utadhani wa kwanza kuingia ndiye atakayefika wa kwanza ng'ambo. Nami nilikimbia. Halafu unasimama humo, umebanwa kati ya bajaji na beseni la samaki, na chombo kinaondoka kikiwa tayari. Meli ya mizigo ikiwa inaingia bandarini, mnaisubiri ipite. Siku za mwanzo nilikuwa naangalia saa kila dakika na kuguna, kama vile nahodha angenisikia. Siku ya nne au ya tano nikachoka kuguna. Meli ilipita karibu sana, nikamwona baharia akianika shati kwenye kamba, akalikung'uta, akalitazama, akalianua tena akaligeuza. Nilimtazama mpaka meli ikapotea. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomtazama mtu akifanya kazi yake bila kumsubiri amalize.

Basi ushauri wangu ni huu. Usitafute muda wa ziada, hutaupata. Tafuta katika siku yako kitu kimoja chenye mwendo wake, kisichokubali kuharakishwa, halafu acha kugombana nacho. Kahawa ya kijiweni ni kimojawapo. Ya moto, huwezi kuigugumia. Mkono mmoja una kikombe, wa pili una kashata, simu utaishikia wapi? Tui nalo ni hivyohivyo. Nilikuwa natumia la pakiti, sasa Jumamosi nakuna nazi mwenyewe kwenye mbuzi. Lile zito unalimimina mwishoni na kulikoroga bila kuondoka mpaka lichemke, ukigeuka kidogo tu kusoma meseji linakatika. Mwanangu wa pili amegundua kwamba hapo jikoni siwezi kumkimbia, kwa hiyo maswali yake yote ya wiki anayaleta Jumamosi.

Sitaki nikudanganye kwamba pantoni ni raha. Kuna joto, kuna kukanyagana, na siku ikigoma, mbele za watu wote hutamki neno jema. Pia ina gharama: lazima nitoke nyumbani dakika arobaini mapema, maana yake tamthilia ya usiku nimeiacha katikati na sijui yule binti aliolewa na nani. Na kama bosi wako anakata mshahara kwa kuchelewa, anza na tui, pantoni iache.

Gari lilipona zamani. Siku mbili kwa wiki bado naliacha nyumbani, na kabla chombo hakijaondoka nampigia mama. Salamu namwachia azimalize zote, mpaka za jirani. Juzi nikamwambia, haya mama, nieleze ule mchungwa ulivyoanguka. Akaanzia mbali, kwenye mvua za vuli, akaja kwa kuku waliokuwa wanalala juu yake, mmoja mmoja, na tabia zao. Pantoni ikafika Magogoni, mlango ukashushwa, watu wakaanza kumiminika, nami nikasogea pembeni nisikanyagwe. Upepo ulikuwa bado haujavuma.